Salamu za Mikono Miwili

Quakers Hill, 18 Julai 2021

Yaya Marie-Jeanne,

Mimi ni mzima, isipokuwa masikio yananiuma kwa kamba za barakoa. Wewe je, na watoto, Ketsia na wenzake? Usishangae kupata barua yenye stempu. Nimechoka kukutumia sauti kwenye simu halafu naambiwa nyumba nzima imesikiliza na kutoa maoni. Barua utaifungua peke yako, hata chooni ikibidi.

Na kabla hujaanza: ndiyo, nimekuita Yaya kama ulivyonifundisha. Kwetu Kericho yaya ni msichana anayelea watoto wa watu, kwenu Kongo ni dada mkubwa. Heshima yenu nimeikubali, lakini bado nacheka nikiandika.

Tangu uhamie Campbelltown ukatuachia hii nyumba ya wazee, mambo yamekuwa mengine. Wageni wamepigwa marufuku. Wazee wanawaona watoto wao kwenye tableti, na sisi wahudumu ndio tunaoishika. Unamkumbuka Bi Noeline wa chumba cha mwisho, yule aliyekuwa anakukosoa unavyokunja shuka? Ana mtoto mmoja tu, Graeme, na yuko Perth, mwisho wa pili wa nchi hii. Mpaka wa jimbo lao umefungwa. Akitoka hataruhusiwa kurudi, na mke wake ni mgonjwa, hawezi kumwacha. Basi anapiga kila Jumapili, wanazungumza mvua na mbwa, kisha kabla hajakata ananigeukia mimi: "Give Mum a cuddle from me, will ya?"

Yaya, nusura niangushe tableti. Unajua Kiingereza changu si cha kuokota. Nilikisoma, na mwalimu alikuwa akisoma insha zangu mbele ya darasa. 'Hug' naijua: ndiyo shangazi anayokupa siku ya kuhitimu, mabega yanagusana, mnaachana, picha inapigwa. Lakini 'cuddle'? Kwetu hilo ni neno la wawili walio chini ya blanketi moja wakati wa mvua. Chuoni tulikuwa tunaandikiana kwa siri. Sasa mtu mzima anamtumia mama yake kitu hicho, na mjumbe ni mimi!

Lakini salamu ni salamu. Mtu akikupa salamu za mtu huwezi kuzitia mfukoni ukaenda nazo nyumbani. Nimetumia akili: kila simu ikiisha namshika Bi Noeline mkono, mimi na glavu yangu, namwambia Graeme anamsalimu. Anasema, "Thanks, darl," kisha anageukia dirisha. Nadhani nimelimaliza kwa adabu. Kamande anasema nimefanya vyema, ingawa Kamande ni mume wangu na wakati huo alikuwa anasubiri chakula.

Mdogo wako,
Jerotich

*

Campbelltown, 29 Julai 2021

Mdogo wangu Jerotich,

Barua imefika na nimeisoma chooni kweli, maana meza ya jikoni sasa ni shule, kitanda changu ni shule, na koridoni kuna mtoto anafanya michezo mbele ya kompyuta. Namsemesha Ketsia kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na mwalimu wake anasikia yote. Helikopta ya polisi inazunguka juu yetu kama vile tumeiba kitu. Tuko wazima, Mungu asifiwe.

Bon. Nikuambie bila sukari: umekula salamu za watu.

Yule mtoto ametuma mikono miwili, wewe umefikisha mmoja, tena ndani ya plastiki! Nani alikupa ruhusa ya kupunguza? Nyinyi Wakenya mnasalimiana kama watu wanaofungua akaunti benki. Sisi tunagusanisha vichwa, huku, kisha huku, kisha tena huku, na mtu anaenda zake akijua kwamba amesalimiwa. Mama wa watu anageukia dirisha na wewe unasema umemaliza kwa adabu.

Mimi mwenyewe hilo neno sijui linapimwa vipi. Nimemuuliza Ketsia, ameniambia, "Mum, it's just a cuddle," akarudi kwenye hesabu zake. Lakini najua kwamba neno la watu linaulizwa kwa wenyewe. Uliza hapo kazini. Aliyekutuma ni Graeme, si Kericho.

Na ufanye haraka. Bi Noeline aliponikosoa shuka alikuwa tayari ananishikilia ili asianguke.

Dada yako anayekupenda na kukugombeza,
Marie-Jeanne

*

Quakers Hill, 12 Agosti 2021

Yaya,

Nimegombezeka. Nimeuliza. Sasa kaa vizuri.

Tulikuwa chumba cha chai, kila mtu kwenye kona yake na dirisha wazi, baridi inaingia. Nikamuuliza Tracey, aliyezaliwa hapa hapa Quakers Hill, cuddle ni nini. Akanitazama kama niliyeuliza maji ni nini. Kumbe yeye anampa mbwa wake, anampa mtoto mchanga wa dada yake, anampa bibi yake, na siku timu yake ilipofunga bao alimpa jirani asiyemjua jina. Hakuna blanketi popote. Mambo ya midomo ya vijana nyuma ya shule wao wanaita 'pash'. Hapo meneja wetu, ambaye kama ujuavyo ni Mwingereza, akaingilia kwamba kwao hiyo ni 'snog', na pash hakuwahi kuisikia mpaka aliposhuka kwenye ndege. Wakaanza kubishana. Mimi nikakaa na chai yangu nikitazama watu wenye lugha yao wanavyoshindwa kuelewana, na nikajisikia vizuri sana.

Na ile 'x', alama yao ya busu, nayo imepata maelezo. Unajua meneja anamaliza kila ujumbe wa zamu kwa x: "Kesho saa moja, x." Kamande aliiona mwezi uliopita, akauliza ni nani anayembusu mke wake kwenye ratiba. Kwa meneja ni kama nukta tu, anamwekea hata fundi wa bomba. Tracey naye anasema yeye haweki x ila kwa mtu anayempenda kweli. Nimemweleza Kamande. Anasema ameelewa, lakini bado anachungulia simu.

Jumapili, Graeme aliposema maneno yake, sikutoa mkono. Niliiweka tableti kwenye meza, nikapiga magoti karibu na kiti, nikamwambia Bi Noeline, "Hii ni ya Graeme. Za nyuma zilichelewa njiani." Nikamkumbatia. Aproni ya plastiki ikapiga kelele kati yetu. Mwanzoni nilihisi tu mifupa ya mgongo wake chini ya sweta. Halafu akaweka kidevu begani kwangu na kukiacha hapo. Nilipotaka kujitoa, mikono yake ilikuwa imenifunga. Akasema, "About time, Graeme."

Nililia, Yaya. Na ukiwa umevaa ngao ya uso huwezi kufuta machozi, yanashuka tu mpaka kwenye barakoa.

Jerotich

*

Quakers Hill, 2 Septemba 2021

Yaya,

Leo sichekeshi.

Meneja aliniona kupitia kioo cha mlango. Akaniita ofisini, akafunga mlango, akaongea kwa sauti ya chini, jambo linalotisha kuliko kelele. Kugusana kusiko kwa kazi hakuruhusiwi. Virusi vikiingia jengo hili tutawazika wazee, na yeye ndiye atakayewapigia simu watoto wao. Nikirudia, ataniondoa kwenye zamu. Na unajua barua yangu ya viza itaandikwa na nani. Sikubishana, maana kuhusu virusi anasema kweli.

Lakini lililoniumiza si hilo. Nilipotoka Tracey akanifuata, akaniambia kwa upole: "Jez, love, nobody means you've actually gotta do it. It's just something you say." Kwamba watu wa hapa wanamalizia simu hivyo. Anayeambiwa anajibu "will do," anakata, anaendelea na kazi zake, na hakuna anayeuliza baadaye kama zilifika!

Sasa niambie. Kama Graeme alikuwa anaaga tu, mimi nilimpa mama yake kitu gani? Nilimbebea salamu ambazo hazikutumwa. Nikasema "hii ni ya Graeme" na pengine haikuwa ya Graeme, ilikuwa yangu. Kwetu huo ni uongo wa aibu.

Jumapili mbili zimepita sijamshika. Graeme anasema maneno yake, nami najibu "will do" kama wenyeji. Jana wakati namlisha Bi Noeline, akaweka kijiko chini akauliza, "Has he gone off me?" Anauliza kama mtoto wake amemchoka. Nikamfuta mdomo. Hali chakula vizuri siku hizi, na daktari amebadilisha dawa.

Nifanye nini? Nikinyamaza atakufa akidhani ameachwa. Nikiendelea nitapoteza kazi kwa ajili ya salamu ambazo sijui hata kama zipo.

Jerotich

*

Campbelltown, 10 Septemba 2021

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sasa nitakuambia jambo ambalo hata Ketsia hajui.

Nilipokuwa kambini Uganda, alifika mwanamume mmoja wa kwetu Uvira, Melchior. Mama yangu alikuwa bado hai kule. Nilimkuta kwenye foleni ya unga, akanipa mkono, akasema, "Mama anakusalimia." Nikasema asante. Nilifurahi hata hivyo. Mwaka ule haujaisha, Mama akafa.

Miaka ikapita, wote tukaletwa huku, yeye na mke wake Léonie wakapewa nyumba Bankstown. Tukakutana kwenye arusi. Alikuwa amekunywa kidogo. Akaniambia, "Marie-Jeanne, mama yako hakusema nikusalimie. Alinikumbatia mpaka mbavu zikauma, akaniambia: hii si yako, mpelekee mwanangu." Aliona haya, foleni nzima ilikuwa inatuangalia, na mimi nilikuwa mjane kijana. Nikamuuliza, "Sasa iko wapi?" Akacheka. Mimi sikucheka, nikatoka nje nikakaa kwenye gari mpaka arusi ikaisha.

Ndiyo maana nilikugombeza kuhusu ule mkono mmoja.

Kwa hiyo nisikilize. Tracey hajui Graeme alimaanisha nini, na wewe hujui, na mimi sijui. Mwenye salamu yuko hai na ana simu. Muulize! Usikae hapo unaamua kwa niaba yake kwamba alikuwa anaaga tu. Akisema ni maneno tu, utaacha, na utakuwa mtu safi. Akisema ni kweli, utatafuta njia. Una akili, insha zako zilisomwa mbele ya darasa.

Marie-Jeanne

*

Quakers Hill, 3 Oktoba 2021

Yaya wangu,

Nimemuuliza!

Baada ya simu ya Jumapili nilitoka na tableti mpaka koridoni, nikamwambia asikate. Nikasema: "Graeme, kwetu mtu akinituma nimkumbatie mama yake, nakwenda namkumbatia. Nimeambiwa hapa ni namna ya kuaga tu. Nataka kujua ya kwako ni ipi." Niliongea Kiingereza changu cha insha, kila neno limepigwa pasi.

Akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akauliza, "You've been doing it? Actually doing it?" Nikasema ndiyo, na nikamweleza kwa nini nimeacha. Akavua kofia. Akaniambia hajamkumbatia mama yake tangu alipokuwa anavaa kaptura za shule. Nyumba yao haikuwa ya mambo hayo, baba yake alikuwa anampa mkono siku ya Krismasi. Kuniambia mimi ilikuwa rahisi kuliko kumwambia mama yake. Nikasema, "Basi niache?" Akasema, "Don't you dare."

Sasa meneja. Nilikwenda kwake mwenyewe, sikungoja kuitwa. Nikamwambia: kila asubuhi Bi Noeline anatoka kitandani kwenda kwenye kiti. Anakaa ukingoni, mimi naweka mguu wangu kati ya miguu yake, mikono yangu inapita mgongoni kwake, yake inapita kwangu, tunahesabu, tunasimama. Ni kazi yangu, nimefundishwa hivyo, na nimevaa kila kitu kinachotakiwa kuvaliwa. Sitaongeza mguso hata mmoja. Nikishamsimamisha nitasema tu jina la aliyemtuma, naye apumzike kidogo kabla ya kugeuka. Je, kusema jina kumekatazwa?

Alifungua ratiba, akaifunga. Mwisho akasema, "Mind your back," yaani niangalie mgongo wangu. Ndivyo Waingereza wanavyokubali jambo, nimejifunza.

Kwa hiyo sasa si Jumapili tu. Kila asubuhi tunasimama, nasema "Graeme," na Bi Noeline anaegemea. Anachukua muda wake. Amerudi kukosoa shuka. Ujumbe wa zamu wa jana ulikuja na x mbili, na Kamande amekata tamaa kabisa.

Jerotich

*

Campbelltown, 24 Novemba 2021

Mdogo wangu Jerotich,

Ujumbe wako wa simu kwamba Bi Noeline ametutoka nimeupata, Ketsia ndiye aliyenisomea. Pole sana. Pole kwa Graeme. Pole kwa kazi yako iliyobaki na kitanda kitupu asubuhi. Nimewasha mshumaa, nimemwombea mama huyo wa shuka.

Njia zimefunguliwa na ningekuja, lakini kule usine, kiwandani, tunapakia bidhaa za Krismasi na chef, mkubwa wetu, hatoi ruhusa hata ya kukohoa. Mwezi huu nimekuwa mashine.

Nina swali moja, na ujibu kwa barua: alikufa akijua kwamba hakuachwa?

Marie-Jeanne

*

Quakers Hill, 5 Desemba 2021

Yaya,

Alikufa akijua.

Asubuhi ya mwisho aliyoweza kusimama, nilisema "Graeme," akaegemea, na badala ya kugeuka kwenda kwenye kiti akanibana. Sikujua bado ana nguvu hizo. Akasema sikioni mwangu: "This one's not for you. You give it back to him. And none of that regards rubbish."

Umesikia, Yaya? Hii si yangu, nimrudishie mwanawe, na si zile 'regards', zile salamu za mdomo nilizokuwa namletea kwa mkono mmoja. Hakupata kumjua mama yako, wala mimi sikuwahi kumsimulia. Nilimjibu kwa Kiswahili, nikasema nimepokea.

Kwa hiyo ninazo, na mpaka wa Perth bado umefungwa. Nazunguka nazo kazini, nazunguka nazo dukani. Graeme alitazama mazishi kwenye tableti na mimi ndiye niliyeishika. Sikumwambia. Kitu hiki hakipelekwi kwa kioo.

Nitakuwa mkweli: naogopa kidogo. Kwetu mke wa mtu hamkumbatii mwanamume wa watu kwenye maegesho ya magari. Nilimweleza Kamande. Akauliza Graeme ana miaka mingapi. Nikamwambia zaidi ya sitini. Akafikiri, akasema, "Kama ni za mama yake, peleka."

Jerotich

*

Quakers Hill, 20 Machi 2022

Yaya Marie-Jeanne,

Mpaka ulifunguliwa mwanzoni mwa mwezi, na Graeme amekuja kuchukua vitu vya mama yake. Ni mtu mkubwa, shingo imeungua jua, amesimama kwenye maegesho na sanduku la kadibodi mkononi hajui aliweke wapi. Nilikuwa nimejipima virusi asubuhi, yeye pia, tukaonyeshana vile vijiti kama watu wanaoonyeshana pasipoti.

Nikamwambia, "Mama yako alinipa kitu nikupe." Akaweka sanduku chini, akafungua kiganja. Alidhani ni pete.

Nikasema, "Si hicho." Na nikamwendea.

Yaya, alisimama kama mlingoti. Mikono imening'inia, pumzi ameishika. Mimi sikuachia, kwa sababu yeye aliyenituma hakuachia. Nilimbana kama nilivyobanwa, begani kwake, kwa nguvu zile zile kadiri nilivyokumbuka. Tracey alikuwa dirishani, meneja alikuwa dirishani, na sikuona haya hata chembe. Kisha kitu kikalegea ndani ya yule mtu, kikaanzia mabegani, na mikono ikapanda. Alilia kwa sauti. Nilimngoja amalize.

Halafu nikataka kumuuliza tunachouliza sisi, na Kiingereza chote nilichosoma hakikunipa neno. Nikamuuliza kwa Kiswahili: "Zimefika?"

Sijui alielewaje. Akafuta uso kwa kofia, akasema, "Yeah. Got it."

Nimekuandikia hivi ili ujue kwamba hata zikichelewa zinafika. Fanya unavyoona.

Jerotich

*

Campbelltown, 11 Aprili 2022

Mdogo wangu,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, sikufika hata chooni. Nikachukua simu, nikampigia Melchior. Nikamwambia, "Una kitu changu. Umekaa nacho tangu kambini. Nakitaka."

Akaanza kucheka kama siku ile ya arusi. Sikucheka. Na yeye akaacha.

Jana baada ya misa alikuja kutoka Bankstown na Léonie. Amezeeka, anatembea na fimbo. Watoto walikuwa wote sebuleni. Akampa Léonie fimbo, akaniambia, "Marie-Jeanne, hii si yangu." Kisha akanikumbatia kama alivyokumbatiwa Uvira. Ketsia aliniuliza, kwa Kiswahili, mtoto wangu, kwa Kiswahili: "Mama, nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, bibi yako amenisalimia.

Jumapili ijayo panda treni uje. Nitakuwa stesheni, na usinipe mkono.

Mbavu zinaniuma mpaka leo, Jerotich. Zimefika.

Yaya wako,
Marie-Jeanne